Aliyeambiwa hahitaji uzazi wa mpango

Mzani wa kliniki niliyokwenda na wifi yangu mwaka 2019 ulikuwa ule wa kuning'iniza. Ndoano imefungwa kwenye boriti, mtoto anavalishwa kaptura ya turubai yenye mikanda, ananing'inia hewani akipiga kelele huku mama yake amemshika kisigino kana kwamba ataruka. Mtoto wetu alikuwa na wiki 6. Alikuwa wa kupandikizwa, yaani mimba yake ilitungwa maabara, Nairobi, baada ya miaka 7 ya kusubiri na shilingi milioni 18 ambazo mdogo wangu alizipata kwa kuuza kiwanja na kukopa SACCOS. Muuguzi aliandika uzito kwenye kadi, kisha akaanza kuwauliza akina mama wa benchi letu mmoja mmoja: wewe unataka sindano, vijiti au kitanzi? Alipofika kwa wifi alifungua faili, akasoma, akalifunga.

"Wewe dada ulivyohangaika hivyo, uzazi wa mpango wa nini? Nenda kalee mwanao."

Benchi zima likacheka, tena kwa upendo. Wifi alicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Tulirudi kwenye benchi hilo hilo mtoto alipofikisha miezi 9, siku ya chanjo ya surua. Muuguzi alikuwa yule yule. Safari hii hakuanza na kadi, alianza na dera la wifi. "Dada, hebu simama kidogo." Wifi akasimama. Yeye alikuwa anaamini ni tumbo la uzazi ambalo halijarudi, maana alijifungua kwa upasuaji na kila mtu alimwambia matumbo ya upasuaji ni makaidi. Kipimo cha mkojo kilitoa mistari miwili hata kabla hajarudi kukaa, na ultrasaundi ya siku mbili baadaye ikasema wiki 17. Hapakuwa na sindano za homoni, hapakuwa na basi la Nairobi. Mkopo wa mtoto wa kwanza ulikuwa umebakiza miezi 14.

Nyumbani kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mama yangu alisema Mungu si Athumani, akaenda kuchinja kuku. Shangazi alisema mtoto wa kwanza ndiye aliyemfungulia mwenzake njia, kizazi kilikuwa kimefungwa na sasa kimefunguka. Mdogo wangu, baba mtu, alinyamaza siku mbili nzima, na ukimya wake nitaurudia huko mbele kwa sababu nao una hesabu yake. Mimi nilianza kusoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo kile kicheko cha kwenye benchi kilivyozidi kuniudhi, kikiwemo changu.

Mwaka 2023 daktari Annette Thwaites na wenzake wa Chuo Kikuu cha London, UCL, walichapisha katika jarida la Human Reproduction uchambuzi uliokusanya tafiti 11 zilizofanywa kati ya 1980 na 2021, zenye wanawake zaidi ya 5,000 ambao tayari walikuwa wamepata mtoto kwa msaada wa matibabu ya uzazi. Walichotaka kujua ni wangapi kati ya hao walishika mimba nyingine kwa njia ya kawaida. Jibu lilikuwa angalau mmoja kati ya watano, na wengi wao ndani ya miaka 3 baada ya mtoto wa kwanza.

Mmoja kati ya watano. Kwenye benchi lile tulikaa akina mama saba au wanane. Kama wote wangekuwa wa kupandikizwa, mmoja hivi, pengine wawili, wangerudi na tumbo bila kwenda kwa daktari yeyote. Sasa muuguzi ambaye angeambiwa kwamba dawa fulani inashindwa kwa mgonjwa mmoja kati ya watano asingethubutu kumwambia mtu "nenda zako, huna shida." Lakini kwa mimba ya mama aliyehangaika, sote tunafanya hivyo huku tunacheka.

Idadi hiyo ina mipaka yake. Tafiti zile hazikufanana: zingine zilihesabu upandikizaji wa maabara peke yake, zingine zilichanganya na matibabu mepesi zaidi, zingine ziliwafuatilia wanawake miaka michache, zingine zaidi ya kumi. Na wote waliohesabiwa walikuwa wamekwisha kupata mtoto mmoja, yaani wamepita chujio ambalo wengine hawakupita. Kwa hiyo mwanamke wa Mwanza mwenye mirija miwili iliyoziba kwa makovu asiichukue ile moja ya tano akaivaa kama gauni lililoshonwa kwa kipimo chake. Hata hivyo, hata ukiipunguza kwa hofu zote hizo, jambo lenyewe haliwi tena la ajabu. Linakuwa jambo la kawaida ambalo hatulitaji.

Takwimu iliyonikalisha chini kabisa ni ya Ufaransa. Mwaka 2012 watafiti wa huko waliripoti walichokikuta walipowafuatilia wanandoa zaidi ya 2,000 walioanza upandikizaji mwanzoni mwa miaka ya 2000. Katika wale waliopata mtoto kwa matibabu, asilimia 17 walikuja kupata mwingine kwa njia ya kawaida. Katika wale ambao matibabu hayakuwapa mtoto, waliopata mtoto baadaye kwa njia ya kawaida walikuwa asilimia 24.

Rudia kusoma hapo. Walioshindwa maabara walizaa kwa njia ya kawaida zaidi kuliko waliofaulu. Maelezo yake si mazito: aliyekwisha kupata mtoto mmoja, au mapacha, huenda hana haraka au hataki tena, asiye na mtoto anaendelea kutafuta kila mwezi. Lakini maneno ya shangazi hayana pa kusimama tena. Ingekuwa mtoto wa kwanza ndiye anayefungua njia, wale ambao hakuna mtoto aliyewapitia wangebaki wamefungwa.

Tatizo, nadhani, limo ndani ya kauli yenyewe. Tunasema kizazi kimefungwa, na mara moja tunaona mlango wenye kufuli. Kukiwa na kufuli kuna aliyelifunga, na kuna mwenye funguo: mganga, shehe, mchungaji, na siku hizi daktari wa Nairobi mwenye koti jeupe. Upandikizaji haufungui kitu. Mayai huvutwa kwa sindano kutoka kwenye ovari, yanakutanishwa na mbegu kwenye kisahani maabara, na kiinitete kinarudishwa kwenye mji wa mimba kwa mrija mwembamba. Mirija ya uzazi haikuguswa. Mbegu za baba hazikutibiwa. Ni mtu aliyepitia dirishani. Mlango ameuacha kama alivyoukuta, na mlango wenyewe huenda ulikuwa na kufuli kweli, au uliegeshwa tu, au uko wazi ila unabanwa na zulia.

Kwa wengi wanaobeba mimba ya pili kwa njia ya kawaida, mlango ulikuwa umeegeshwa. Kiswahili kina tasa na mgumba, maneno mawili yanayosikika kama hukumu isiyo na rufaa. Tiba haina neno kali hivyo. Fasili ya Shirika la Afya Duniani ni ya muda: miezi 12 au zaidi ya kukutana mara kwa mara bila kinga na mimba isishike. Haisemi haitashika kamwe. Mwongozo wa afya wa Uingereza unasema kati ya wanawake 100 walio chini ya miaka 40 wanaojaribu, zaidi ya 80 watashika mimba ndani ya mwaka mmoja, na kati ya waliobaki, nusu hivi watashika mwaka wa pili. Hao wa mwaka wa pili ndio ambao huku kwetu, kufikia muda huo, wameshaitwa majina yote, wameshapelekwa kunakofikika, na wengine wameshaletewa mwenza.

Katika faili la wifi iliandikwa kwamba kwa upande wake sababu haikujulikana. Mirija ilipitisha dawa ya kipimo vizuri, mayai yalikuwa yanapevuka, mbegu zilikuwa chache ila zilikuwepo. Wanandoa ambao sababu haikujulikana, hasa wenye umri mdogo na ambao hawajahangaika miaka mingi, ndio utafiti wa Ufaransa uliwakuta wakizaa zaidi kwa njia ya kawaida. Wengine ni wale ambao mayai hayapevuki kila mwezi kwa sababu ya vivimbe vidogo vidogo kwenye ovari: mzunguko wao unapotea na kurudi, na mwezi ule yai likitoka, limetoka, halijali nani alishasaini fomu ya nini.

Hapo kuna swali chungu ambalo mdogo wangu aliniuliza usiku mmoja tukiwa barazani: je, zile milioni 18 tulizitupa? Nilimwambia hapana, na bado nasema hapana. Nafasi ya moja ya tano kwa miaka kadhaa na nafasi ya mzunguko mmoja wa upandikizaji si kitu kimoja, hasa kwa mwanamke ambaye saa yake inakimbia. Lakini nilimwambia pia kwamba lipo jambo wangestahili kuambiwa siku ya kwanza na hawakuambiwa: kwamba kwa hali yao mimba ya kawaida ilikuwa inawezekana wakati wote, kabla, katikati na baada. Anayeuza huduma hana sababu kubwa ya kulisema hilo. Simlaumu kwa kutoa huduma, namlaumu kwa kunyamaza.

Wapo ambao mlango wao ulikuwa na kufuli kweli, na hao ndio upandikizaji uliobuniwa kwa ajili yao. Lesley Brown wa Uingereza, aliyemzaa Louise tarehe 25 Julai 1978 na kuingia kwenye historia, mirija yake ilikuwa imeziba. Alijaribu miaka 9. Alipotaka mtoto wa pili alirudi maabara, akampata Natalie mwaka 1982. Hakusubiri maajabu, na alikuwa sahihi. (Natalie mwenyewe alikuja kuzaa mwaka 1999 kwa mimba ya kawaida kabisa, akawa wa kwanza kati ya watoto wa maabara kufanya hivyo. Lile la "mtoto wa chupa naye atakuwa tasa" lingeweza kuzikwa mwaka ule ule. Bado nalisikia kwenye vibaraza.) Katika Afrika ya kusini mwa Sahara, mirija iliyoharibiwa na maambukizi, ya zinaa, ya baada ya kujifungua au ya mimba iliyoharibika, ni sababu kubwa ya ugumba kuliko ilivyo kwa nchi tajiri ambako nyingi ya tafiti hizi zilifanyika. Kwa maana hiyo hesabu yetu hapa inaweza kuwa ndogo kuliko ile ya London.

Maelezo ninayoyachukia kuliko yote ni ya kutulia. "Si unaona, alipoacha kuwaza tu, akashika." Yanasemwa kwa nia njema na yanamwacha mwanamke na lawama ya miaka 7: kumbe ni wewe ulikuwa unawaza sana. Mwaka 2011 watafiti wakiongozwa na Jacky Boivin wa Chuo Kikuu cha Cardiff walikusanya tafiti 14 zenye wanawake 3,583 waliopimwa msongo wa mawazo kabla ya matibabu. Wenye mawazo mengi na wenye mawazo machache walishika mimba sawasawa. Wifi, kwa taarifa yenu, hakuwa ametulia. Alikuwa na mtoto asiyelala, kidonda cha upasuaji, na meseji za SACCOS.

Sasa ukimya wa mdogo wangu. Mwaka 2016 maabara moja ilimpa karatasi yenye mshale mwekundu unaoangalia chini, na mtu aliyeikabidhi akamwambia, mlangoni, bila hata kumkalisha, "Mzee, kwa mbegu hizi hutapata mtoto." Alibeba sentensi hiyo miaka mitatu. Mtoto wa kwanza hakumtia shaka, kwa sababu maabara ilichagua mbegu yake moja na kuidunga ndani ya yai; aliona kwa macho. Hii mimba ya pili je, imetoka wapi? Hakuuliza kwa sauti. Mwanaume wa aina yake haulizi, analala sebuleni.

Kuna ndoa ngapi zimevunjika kwenye sebule hiyo? Sina hesabu na sitaibuni. Ninachojua ni jinsi ule mshale mwekundu unavyopatikana. Kipimo cha chini anachokitumia mtu wa maabara, ambacho katika toleo la mwaka 2021 la mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni mbegu milioni 16 kwa kila mililita, kilitokana na kuwapima wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja. Walipangwa kuanzia wa chini hadi wa juu, mstari ukachorwa juu ya asilimia 5 ya chini. Kwa maneno mengine, chini ya mstari ule walikuwapo akina baba, mmoja kati ya kila ishirini, na hao ni watu ambao wake zao hawakuchelewa hata mwaka. Mbegu chache hupunguza uwezekano, na mbegu sifuri ni habari nyingine. Isitoshe, mwili hutengeneza mbegu upya kwa muda wa miezi miwili na nusu hivi, kwa hiyo karatasi ya mwaka 2016 haiwezi kutoa hukumu ya mwaka 2019. Nilimchorea mdogo wangu mstari huo nyuma ya bahasha. Aliutazama muda mrefu, akaikunja bahasha akaitia mfukoni, na usiku ule akarudi chumbani.

Hakuna aliyemwambia hayo kabla. Ilikuwa kazi ya daktari aliyewaruhusu kutoka Nairobi, dakika 5 tu, mume na mke wakiwa wamekaa pamoja: mnaweza kushika mimba wenyewe, ikitokea msishangae, na wewe baba usimshangae mwenzako.

Mwanamke naye alikuwa na kesi yake, na hii ni ya kwetu kabisa. Kubemenda. Msomaji wa bara anaijua: mtoto akidhoofika, miguu ikilegea, akichelewa kusimama, wazazi wanatazamwa kwamba walikutana mapema, au mama ameshika mimba huku ananyonyesha, maziwa yameharibika. Mtoto wa wifi alipata kuhara mwezi ule ule mimba ilipojulikana. Yule mtoto aliyeombewa miaka 7, aliyegharimu kiwanja! Majirani waliokuja kumpongeza mwezi wa kwanza walikuja tena kumtazama miguu. "Umembemenda," mmoja alimwambia waziwazi, na wifi, mwenye shahada, aliamini kwa wiki mbili. Maziwa ya mama mwenye mimba hayamdhuru anayenyonya. Kinachoweza kumdhuru ni kuachishwa ghafla na kulishwa uji mwepesi, na hicho ndicho majirani walichokuwa wanamshauri afanye.

Na hapo ndipo kile kicheko cha kliniki kinapokuwa na gharama. Angalia kalenda. Mila yetu inampa mama siku arobaini, na wengi tunazichukulia kama ukuta: ndani yake hakuna mume, baada yake tutaona. Mwanamke asiyenyonyesha anaweza kutoa yai kabla hata arobaini haijaisha. Ndiyo maana wataalamu husema kinga ianze kufikiriwa tangu siku ya 21. Anayenyonyesha ana kinga nzuri kwa masharti matatu yanayokwenda pamoja: mtoto hajafikisha miezi 6, ananyonya maziwa ya mama pekee mchana na usiku, na mama hajaona siku zake. Yakitimia yote, wanaoshika mimba hawafiki 2 kati ya 100. Likikosekana moja, kinga haitegemeki tena. Wifi alipokuwa na kidonda maziwa yalichelewa kutoka, tukaanza kumsaidia mtoto kwa maziwa ya kopo, na mimi ndiye niliyenunua kopo la kwanza. Wenye mapacha, ambao kwenye upandikizaji ni wengi pale vinaporudishwa viinitete zaidi ya kimoja, wanalifikia kopo mapema zaidi.

Shirika la Afya Duniani linashauri mama akae angalau miezi 24 tangu kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Wifi alikaa mitano. Akina mama wa upandikizaji hupasuliwa zaidi kuliko wengine, na kovu la upasuaji ambalo halijakomaa linaweza kuachia mimba inayofuata ikija mapema mno. Wifi hakupata dharura, lakini mimba yake yote ya pili ilikuwa ya "usinyanyue hicho" na "usipande hapo," damu pungufu, vidonge vya madini chuma vilivyomtapisha, na upasuaji wa pili wiki ya 37. Mtoto wa kike, kilo 2.6. Mzima. Aliyekuja kujua mimba ikiwa na wiki 17 alikuwa ameshapoteza mahudhurio ya mwanzo, na aliyapoteza kwa sababu hakuna mtu, wala yeye, aliyedhani anaweza kuwa mjamzito.

Kwa mwenye historia ya mirija mibovu ucheleweshaji wa namna hiyo unaweza kuua. Yai likirutubishwa ndani ya mrija wenye kovu linaweza kukwama humo humo, mimba ikatunga nje ya mji wa mimba, na mrija ukapasuka. Mwanamke ambaye upandikizaji alifanyiwa kwa sababu ya mirija, siku zake zikichelewa, hana nafasi ya kusubiri aone kama tumbo litajitokeza. Apime mapema, na apigwe ultrasaundi mapema ionekane mimba imekaa wapi. Maumivu ya upande mmoja, damu kidogo kidogo, kizunguzungu au maumivu ya bega yasiyoeleweka ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo. Hilo nalo halikuandikwa kwenye karatasi ya kutoka Nairobi, ambayo ilikuwa na ukurasa mzima wa jinsi ya kulipia.

Kwenye simu yangu, tangu nianze kutafuta habari hizi, yamejaa matangazo ya dawa za kusafisha na kufungua kizazi, chupa ya kijani, namba ya WhatsApp, na ushuhuda wa mama aliyeshindikana hospitali akapata "kwa chupa tatu." Sasa mnaweza kuona ushuhuda wa namna hiyo unavyotengenezwa bila mtu kusema uongo. Wape chupa wanawake 100 wenye tatizo lisilojulikana, waache mwaka, na kundi zuri litashika mimba hata kama chupani mlikuwa na maji ya mnazi. Hao watapiga picha. Waliobaki wataona aibu na kunyamaza. Wauza chupa wanaishi kwa ile moja ya tano, na sisi tumewaachia kwa kutoitaja.

Sitaki pia tuangukie upande wa pili. Kuna mama ana miaka 38, mtoto wake wa kupandikizwa ana miaka 3, anatamani wa pili, na ndugu wanamwambia "subiri, atakuja mwenyewe, si unamwona mke wa fulani?" Huyo wanamwibia muda. Wanne kati ya watano hawaji wenyewe, na mayai ya miaka 38 hayamsubiri mke wa fulani. Anachohitaji ni daktari wa kumwambia, kwa faili lake yeye, mlango wake uko katika hali gani.

Na kwa asiyetaka wa pili mapema, muuguzi amuulize swali lile lile aliloliuliza benchi zima. Sindano, vijiti au kitanzi. Anaweza kukataa. Wengi watakataa, na wana sababu: aliyelia miaka 7 kwa kukosa mimba, kumeza kidonge cha kuizuia kunamkaa kooni kama kufuru. Lakini akatae akiwa ameulizwa.

Shangazi, kwa kumalizia kesi yake, alipomshika yule mtoto wa kike mara ya kwanza alisema, "Huyu sasa ndiye wenu wa kweli." Kaka mtu alikuwa ameketi mkekani, anatafuna kona ya kanga. Yai la mama yule yule, mbegu ya baba yule yule, pua ile ile ya marehemu babu. Mama yangu alimchukua mtoto mikononi mwa shangazi taratibu, akamwambia chai imepoa, aende akaipashe.

Wote wawili wanasoma sasa. Nairobi, kwenye tangi la naitrojeni ya kimiminika, vimebaki viinitete viwili vya mwaka 2018, na kila Januari mdogo wangu hupata ujumbe wa kumkumbusha ada ya kuvihifadhi. Kila Januari humwonyesha mkewe simu. Mwaka huu wifi alisoma, akaiweka simu kifudifudi juu ya meza, akaendelea kuchambua mchele. Jioni akamwambia alipe mwaka mmoja tena.